Chandarua, dawa ya kujipaka, moshi au feni: kinga ipi dhidi ya mbu na wadudu wengine inafaa kwa likizo ya kisiwani?

Mtu anayejiandaa kwenda likizo Unguja, Pemba, Mafia au Lamu huulizia mapema bei ya boti, nyumba ya kufikia na hali ya bahari, lakini suala la mbu hulikumbuka akiwa dukani usiku wa kuamkia safari, na hapo huchukua chochote kilicho mbele yake. Ndiyo maana familia nyingi hufika kisiwani na makopo mawili ya dawa ya kupulizia chumbani, ilhali hawana hata tone la dawa ya kujipaka, na watoto wao wakaumwa mchana kutwa wakiwa kwenye kivuli cha minazi. Msimamo wangu katika ulinganisho huu ni kwamba kinga huchaguliwa kwa kufuata saa na mahali, wala si kwa ukali wa harufu au umaarufu wa chapa, na kwamba chandarua ndicho kitu pekee ambacho hakipaswi kubadilishwa na kingine chochote.

Sababu ya kuanza na saa ni kwamba mbu hawalingani. Anofelesi, ambaye ndiye anayeambukiza malaria, huuma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, na huzidi katikati ya usiku. Aedesi, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza na tena kuanzia alasiri hadi magharibi, naye ndiye mwenye homa ya dengue na chikungunya. Kuleksi, ambaye mlio wake hukatisha watu usingizi, huuma usiku na huzaliana katika maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo. Ndiye aliyekuwa msambazaji mkuu wa matende na mabusha katika mwambao wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, punje hizo zikaelea na kuwanyima viluwiluwi hewa, na Kuleksi wakapungua kwa kiasi kikubwa. Naitaja kazi hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi wingi wa mbu unavyotegemea maji yaliyo jirani na nyumba unayolala, kuliko jina la kisiwa lililoandikwa kwenye tiketi.

Wapo wanaosema kwamba Zanzibar haina malaria tena. Ni kweli kwamba kazi kubwa imefanyika: dawa mseto zilianza kutumika mwaka 2003, vyandarua vyenye viuatilifu na upuliziaji wa majumbani vikafuata katika miaka michache iliyofuata, na tangu takriban mwaka 2008 kiwango cha maambukizi kimekuwa chini ya asilimia 1. Hata hivyo vimelea huvuka bahari ndani ya damu ya wasafiri wanaotoka bara, mbu wenye uwezo wa kuvipokea bado wapo, na mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka tena. Mgeni anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Kisumu anapaswa kufahamu kwamba chandarua atakacholalia kisiwani kinamlinda yeye, na kinawalinda pia wenyeji dhidi ya vimelea ambavyo huenda amekuja navyo bila kujua.

Chandarua, kiyoyozi na feni

Tuanze na usiku, maana ndio unaobeba hatari kubwa zaidi. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinamzuia mbu asimfikie aliyelala, na kinamuua au kumfukuza anapotua juu yake. Vyandarua vya aina hii hutengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwani kiwanda cha A to Z kilichopo Arusha kilianza kuvizalisha tangu mwaka 2003, na kilichotengenezwa kwa kiwango kinachotakiwa hustahimili kufuliwa mara 20 na kutumika kwa miaka mitatu hivi. Hakihitaji umeme, hakina moshi, na mtoto mchanga anaweza kulala ndani yake bila wasiwasi. Kasoro zake ni mbili: hakikusaidii kabla hujapanda kitandani, na huongeza joto katika chumba kisicho na upepo.

Wageni wengi hutulia wanapoona chandarua kimening'inia juu ya kitanda cha nguzo nne katika nyumba ya wageni, lakini inafaa kukikagua kabla ya kufungua mabegi. Vingi vya vyandarua hivyo ni vya kitambaa cheupe cha mapambo, havina dawa, na mara nyingi vina matundu karibu na pindo au pale vinapofungwa kwenye nguzo. Kishike, kiinue kwenye mwanga, kitazame pembe zote. Tundu dogo hushonwa kwa dakika mbili kwa sindano na uzi, na kwa sababu hiyo sindano inastahili nafasi katika mzigo wa kila msafiri. Tofauti ya umbo nayo ina uzito wake. Chandarua cha mstatili huwaachia waliolala nafasi pande zote, ilhali kile cha duara kinachoning'inizwa kwa kulabu moja hubana kadiri kinavyoshuka, na mkono au goti likigusa kitambaa chake, mbu huuma akiwa nje. Kwa kitanda cha watu wawili, au cha mama na mtoto, ningechagua cha mstatili kila mara. Cha duara kinamfaa msafiri wa peke yake anayebadilisha vyumba, kwa kuwa ni chepesi kubeba na rahisi kufunga. Kwa vyovyote vile, pindo lichomekwe chini ya godoro kabla ya magharibi, si wakati wa kulala ambapo mbu wameshaingia.

Kiyoyozi kinapendwa kwa sababu madirisha hufungwa na ubaridi huwapunguzia mbu wepesi. Katika hoteli yenye milango inayojifunga vizuri na jenereta ya uhakika, kiyoyozi ni kinga nzuri. Tatizo la visiwa ni umeme wenyewe. Wazanzibari hawajasahau kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo hitilafu ya umeme unaotoka bara iliiacha Unguja gizani kwa miezi mitatu, na mpaka leo zipo nyumba za kufikia wageni, hususan katika visiwa vidogo, ambazo hutegemea umeme wa jua usiotosha kuendesha kiyoyozi usiku kucha. Umeme ukikatika saa nane za usiku, aliyetegemea kiyoyozi peke yake hufungua dirisha kwa ajili ya joto na kuwakaribisha mbu.

Feni haisifiwi inavyostahili. Mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo wa pangaboi linalozunguka juu ya kitanda humpotezea mwelekeo na pia hutawanya pumzi na harufu ya mwili anazozifuata. Feni ya kusimama iliyoelekezwa miguuni mwa watu waliokaa barazani inasaidia kuliko watu wanavyodhani, tena bila kujipaka wala kuchoma chochote. Ikiunganishwa na chandarua huondoa ile kero ya joto niliyoitaja, ndiyo sababu kati ya chumba cha kiyoyozi kisicho na chandarua na chumba cha feni chenye chandarua kizima, mimi ningelipia cha pili, na fedha itakayobaki ingeenda kwenye dawa nzuri ya kujipaka.

Dawa za kujipaka

Mchana na jioni, kabla ya kuingia kitandani, ngozi ndiyo inayohitaji kinga, na hapa tofauti baina ya bidhaa ni kubwa. Soma kiambato kilichoandikwa nyuma ya chupa, usiishie kwenye picha ya mbu iliyo mbele.

Kati ya viambato hivyo, DEET ndiyo kongwe kuliko zote. Ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946 na raia wakaanza kuitumia mwaka 1957. Yenye asilimia 10 hukaa kama saa mbili, yenye asilimia 20 hadi 30 hukaa saa nne hadi sita, na kupita asilimia 50 hakuna nyongeza ya maana ya muda, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua ile kali kabisa. Inafanya kazi vizuri, lakini huharibu plastiki, miwani, vioo vya saa na baadhi ya vitambaa visivyo vya pamba, jambo linalomhusu sana mtu anayebeba miwani ya kuogelea na simu mfuko mmoja. Kiambato cha pili, pikaridini, ya asilimia 20 hukaa muda mrefu vilevile au hata kuzidi, haina harufu kali, hainati wala haiharibu plastiki. Kwa likizo ya ufukweni mimi naipa pikaridini nafasi ya kwanza, hasa kwa familia, isipokuwa tu haipatikani kwa urahisi katika maduka ya visiwani, hivyo inunuliwe kabla ya kuvuka maji. Kiambato cha tatu, PMD, kinachotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, nacho ni cha kuaminika kwa saa kadhaa, ila watoto wa chini ya miaka mitatu wasipakwe.

Mambo mawili husahauliwa. Mafuta ya kukinga jua hupakwa kwanza, yakishakauka ndipo dawa ya mbu ifuate juu yake. Na kila mtu anapotoka baharini au anapotokwa na jasho jingi, hesabu ya saa huanza upya, kwa maana kwamba dawa inapaswa kurudiwa. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe dawa yoyote ya kemikali, bali alindwe kwa chandarua kilichofunika kitanda au kigari chake, na mtoto mkubwa apakwe na mzazi bila kumwekea dawa viganjani, kwa kuwa viganja huishia mdomoni na machoni.

Nguo zinalinda saa zote bila kurudiwa. Kanzu, suruali ndefu ya kitambaa chepesi, dira na baibui ni vazi la heshima katika mitaa ya Mji Mkongwe, na ni kinga pia. Sehemu inayobaki wazi ni vifundo vya miguu, na mtu aliyewahi kuketi Forodhani jioni akila huku miguu ikiwa chini ya meza anajua kwamba hapo ndipo mbu hupapenda. Soksi nyembamba zinatosha. Wapo wanaonyunyizia nguo permetrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5, ambayo hudumu hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Ni njia nzuri kwa anayekwenda msitu wa Jozani au Ngezi, lakini ikiwa bado mbichi ni sumu kwa paka, na paka wamejaa Lamu na Mji Mkongwe, basi nguo zianikwe mahali wasipofika. Kwa sababu hiyo hiyo ya sumu, nguo hizo na vyandarua vyenye dawa visifuliwe baharini wala kijitoni, maana permetrini huua samaki.

Moshi, dawa ya kupulizia na mitishamba

Dawa ya kuchoma, ile ya mviringo, ni rahisi na inapatikana katika kila duka la mtaa. Asili yake ni pareto, zao ambalo Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania zimelilima kwa miaka mingi, ingawa nyingi za leo hutumia kemikali za viwandani zinazofanana nalo. Kwenye baraza lililo wazi, ikiwekwa upande unakotoka upepo, inapunguza mbu kwa kiasi cha kuridhisha. Ndani ya chumba kilichofungwa nisingeishauri hata kidogo, kwani moshi wake hubeba chembe ndogo mno zinazoingia mapafuni, na mwenye pumu au mtoto mdogo huathirika kabla ya mbu. Vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotoa mvuke wa dawa havina moshi na vinafaa zaidi chumbani, alimradi umeme upo na dirisha halijafungwa kabisa. Dawa ya kupulizia ya kopo huua mbu walioko chumbani kwa wakati huo tu; ipulizwe chini ya kitanda na nyuma ya mapazia saa moja kabla ya kulala, watu wakiwa nje, kisha chumba kipate hewa. Haina kazi tena baada ya hapo.

Kuhusu mitishamba, wazee wetu hawakukosea walipofukiza kivumbasi na majani ya mwarobaini jioni, kwa kuwa harufu na moshi wake huwasumbua mbu kweli. Mafuta ya mchaichai na mafuta ya karafuu, ambayo Pemba huyakamua kutokana na makonyo katika kiwanda cha Wawi, nayo yanawafukuza. Tofauti iko kwenye muda. Mchaichai huruka upesi, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha, na karafuu isiyochanganywa na mafuta mengine huunguza ngozi. Kwa mazungumzo mafupi barazani mchaichai unatosha, lakini kwa usiku katika eneo lenye malaria, au kwa mchana kutwa wakati wa mlipuko wa dengue, haufai kuachiwa dhamana hiyo.

Visubi na wengine

Katika fukwe zilizopakana na mikoko, kama zile za ghuba ya Chwaka na sehemu nyingi za Pemba na Mafia, kero kubwa mara nyingi si mbu bali visubi, wadudu wadogo mno ambao huonekana kama chembe ya vumbi na huacha vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa. Wanatoka kwenye matope, na huuma zaidi alfajiri na magharibi wakati upepo umetulia. Kwa hawa, mpangilio wa kinga hubadilika: chandarua cha kawaida hupitika, kwa sababu matundu yake yalipimwa kwa mbu, na feni inapanda kuwa ya kwanza. Dawa za kujipaka zenye DEET au pikaridini zinasaidia. Watu wa pwani hujipaka mafuta ya nazi ili kisubi anase kabla ya kuuma, na njia hiyo inafaa kwa matembezi mafupi. Anayejijua ngozi yake huvimba vibaya achague ufukwe wenye upepo badala ya kutafuta dawa kali zaidi: wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani hupata upepo mwingi, na wadudu hupungua ukilinganisha na wiki zinazofuata mvua za masika.

Siafu hukutana nao msituni, na kinga ni kutazama njia na kuingiza suruali ndani ya soksi. Kunguni hutafutwa kwenye mishono ya godoro mara tu ufikapo, na mabegi yasiwekwe kitandani. Kile kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi ambacho hufuata taa baada ya mvua kisipondwe juu ya ngozi, kwani majimaji yake huunguza. Kipeperushwe, kisha sehemu hiyo ioshwe kwa sabuni. Popote unapoumwa, kucha ndizo adui wa pili, maana katika unyevunyevu wa kisiwani kidonda cha kujikuna huingia usaha haraka.

Vidonge vya kinga kwa wanaotoka mbali

Aliyezaliwa Mombasa au Bukoba, kisha akaishi Muscat, London au Minneapolis kwa miaka, asidhani damu yake bado inaikumbuka malaria. Kinga ile ya utotoni hupungua mtu anapokaa mbali, na watoto wake waliozaliwa ughaibuni hawanayo kabisa. Aonane na daktari kabla ya safari, na mazungumzo yao kwa kawaida yatahusu dawa tatu. Atovakuoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku, na huachwa siku saba baada ya kuondoka. Ni rahisi kuistahimili, ila ni ghali. Doksisaiklini ni nafuu, lakini huendelezwa wiki nne baada ya kurudi, haifai kwa wajawazito na watoto wadogo, na huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, kasoro nzito kwa mtu aliyefuata ufukwe. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, jambo linalowavutia wengi, ila huweza kuleta ndoto mbaya na mfadhaiko, na mwenye historia ya maradhi ya akili hapewi. Kwa likizo fupi ya ufukweni ningeuliza kwanza kuhusu ile ya kwanza. Hakuna kidonge kati ya hivi kinachozuia dengue wala chikungunya.

Chikungunya isichukuliwe kuwa ni habari ya mbali. Mwaka 2004 iliikumba Lamu wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani, na ilikadiriwa kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mwaka uliofuata ikawa imefika Komoro na Réunion. Dar es Salaam nayo ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo hata katika kiangazi, mgeni aangalie ndoo, mapipa na vyungu vya maua vilivyo karibu na chumba chake, na aombe kwa adabu vifunikwe au vimwagwe. Wenye nyumba wengi hufanya hivyo papo hapo.

Homa ikikupata ukiwa kisiwani, au baada ya kurudi nyumbani, kapime malaria siku hiyo hiyo na umwambie mhudumu wa afya ulikokuwa, kwa kuwa dalili huweza kuanza kuanzia siku saba baada ya kuumwa na wakati mwingine huchelewa kwa miezi. Mpaka dengue itakapoondolewa kwenye orodha ya daktari, tumia parasetamoli kwa kutuliza homa, na uiache aspirini na ibuprofeni, ambazo huongeza hatari ya kutokwa na damu.